Mafaili "yaliyopotea" baada ya kuhamia Linux: uchambuzi wa kisa kimoja

Programu ilikuwa ndogo na kazi yake ilikuwa moja: kutunza nyaraka zilizoskaniwa. Mtumiaji anapandisha PDF, anachagua mwaka na aina ya waraka, programu inaliweka faili kwenye folda yake, kisha inaandika kwenye hifadhidata mahali lilipowekwa. Iliandikwa kwa Python kwenye kompyuta ya Windows, ikafanya kazi kwenye seva ya Windows kwa miaka kadhaa bila mtu kulalamika. Baadaye ukapitishwa uamuzi wa kuhamia seva ya Linux. Mafaili yakanakiliwa, hifadhidata ikahamishwa, programu ikawashwa, ukurasa wa kuingia ukafunguka vizuri. Watumiaji walipoanza kazi, kila waraka wa zamani waliobofya ulijibu vilevile: faili halipatikani.

Kilichowachanganya mafundi ni kwamba nyaraka mpya hazikuwa na shida yoyote. Ukipandisha waraka sasa hivi, unafunguka. Ukiutafuta kesho, unafunguka. Za zamani tu ndizo zilizogoma. Basi wakahitimisha kwamba kazi ya kunakili haikukamilika, wakairudia yote kuanzia mwanzo. Hakuna kilichobadilika. Wakahesabu mafaili ya seva ya zamani na ya seva mpya: kila la zamani lilikuwa limefika, na juu yake kulikuwa na yale mapya. Mafaili yapo, hifadhidata ipo, programu ni ileile, na bado haviwasiliani.

Dalili hiyo ilikuwa inasema kinyume cha ukweli. Nyaraka zilizokuwa mahali pake ni hizo za zamani zilizokataa kufunguka. Zilizokuwa zimewekwa pabaya ni mpya, zile zilizofunguka bila tatizo.

Jambo hilo lilionekana pale tu mtu alipoacha kuangalia programu akaenda kuangalia diski. Aliingia kwenye folda kuu, akaandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, na chini ya folda za miaka akakuta mistari ya namna hii:

'2023\Mikataba\Upangaji_310.pdf'

Ukisoma haraka unadhani hiyo ni njia: folda ya 2023, ndani yake Mikataba, ndani yake faili. Sivyo. Hilo ni jina la faili moja, kuanzia tarakimu ya kwanza hadi herufi ya mwisho, likiwa limekaa moja kwa moja kwenye folda kuu. Alama za kunukuu ziliwekwa na ls yenyewe kuonyesha kwamba ndani ya jina mna alama isiyo ya kawaida. Kwenye Linux kitenganishi cha folda ni mkwaju wa mbele, /, basi. Mkwaju wa nyuma, \, ni alama kama alama nyingine, inaruhusiwa ndani ya jina kama inavyoruhusiwa herufi k. Ukiacha / na baiti yenye thamani ya sifuri, jina la faili kwenye Linux linaweza kubeba karibu chochote.

Msimbo uliounda njia ulikuwa huu:

njia = mwaka + "\\" + aina + "\\" + jina

Kisha matokeo yake yakaungwa na folda kuu kwa os.path.join, amri ya Python ya kuunganisha vipande vya njia, na kuhifadhiwa. Kwenye Windows ilitoka njia yenye folda tatu. Kwenye Linux ilitoka /srv/nyaraka/2023\Mikataba\Upangaji_310.pdf, na Linux ikatii kwa uaminifu: ikaunda faili lenye jina hilo refu. Programu ilipolihitaji tena ililiita kwa jina lilelile, ikalipata. Waraka wa zamani ulikuwa kwenye folda za kweli, 2019 kisha Mikataba, lakini programu ilikwenda kutafuta faili moja linaloitwa "2019\Mikataba\Upangaji_017.pdf". Faili kama hilo halikuwepo popote.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopoteza siku nzima. Makosa ya njia za mafaili hayaji kila mara na ujumbe wa hitilafu. Kusoma kukishindikana unaambiwa. Kuandika mahali pasipo penyewe kunafanikiwa kimya kimya, na kadiri programu inavyoendelea kutumika ndivyo uchafu unavyolundikana. Kitu cha kwanza ambacho kilipaswa kufanywa kwenye kisa hiki, kabla hata ya kutafuta chanzo, ni kuzuia upandishaji wa nyaraka mpya.

Tofauti ya mikwaju hii ina historia, na historia hiyo inasaidia kuamua cha kufanya. MS-DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda ndani ya folda. Mkwaju wa mbele ulikuwa tayari una kazi nyingine: kutanguliza chaguo za amri, kama /W baada ya DIR. Toleo la 2.0 lilipoleta folda mwaka 1983, alama ambayo Unix ilikuwa ikiitumia kutenganisha folda tangu zamani ilikuwa imeshashikwa, ndiyo mkwaju wa nyuma ukachukuliwa. Kinachosahaulika ni kwamba undani wa mfumo huo ulikubali alama zote mbili, na Windows ya leo bado inakubali. Programu ikiiomba Windows ifungue D:/Nyaraka/2019/a.pdf, faili linafunguka. Wanaokataa ni baadhi ya amri za terminali, pamoja na njia zinazoanza na \\?\ ambazo Windows huzichukua kama zilivyo bila kuzitafsiri. Kwa hiyo mwandishi wa programu hii angetumia mkwaju wa mbele tangu siku ya kwanza, Windows isingemsumbua, na uhamaji ungepita bila tatizo hili.

Pendekezo la kwanza la marekebisho lilikuwa mstari mmoja wa SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata: badilisha kila \ kuwa / kwenye safu wima ya njia. Linavutia, na kwa safu nyingi lingetosha. Lakini hifadhidata ilikuwa na safu za enzi mbili. Toleo la mwanzo kabisa la programu lilikuwa likihifadhi njia nzima, D:\Nyaraka\2019\Mikataba\..., na toleo la baadaye likahifadhi sehemu inayofuata folda kuu pekee. Ukigeuza mikwaju kibubusa, safu za enzi ya kwanza zinakuwa D:/Nyaraka/2019/..., na Linux haijui diski inayoitwa D. Kwake "D:" ni jina la folda tu, la kutafutwa ndani ya folda kuu.

Python ina chombo kinachofaa kabisa kwa kazi hii, na nashangaa jinsi kinavyotumika kidogo. Ndani ya pathlib, maktaba ya kushughulikia njia za mafaili iliyoingia kwenye lugha hiyo na toleo la 3.4 mwaka 2014, mna PureWindowsPath. Hii inasoma njia kwa kanuni za Windows hata ukiwa umekaa kwenye Linux: inatambua herufi ya diski, inakubali mikwaju yote miwili, na ikilinganisha haijali herufi kubwa na ndogo. Unaipa D:\NYARAKA\2019\a.pdf, unaiomba sehemu inayofuata D:/Nyaraka, inakupa. Kisha as_posix() inaitoa ikiwa na mikwaju ya mbele. Maandishi yaliyoandikwa kwa kanuni za Windows yasomwe kwa kanuni za Windows, halafu ndipo yageuzwe. Anayekata na kubadilisha herufi kwa mkono anaziandika kanuni hizo upya, na mara nyingi anaziandika nusu.

Skripti ikaandikwa hivyo, ikaendeshwa kwanza kwa kutoa ripoti tu bila kugusa kitu: kwa kila safu, njia ya zamani, njia mpya inayopendekezwa, na kama faili lipo kweli kwenye diski. Nyaraka nyingi sana zikapatikana. Zikabaki nyingine, si chache, ambazo mikwaju yake ilikuwa sawa sasa na bado hazikuonekana.

Kundi kubwa kati ya hizo lilitokana na herufi kubwa na ndogo. Hifadhidata ilisema mikataba/Upangaji_088.pdf, diski ilikuwa na Mikataba/Upangaji_088.PDF. Mfumo wa mafaili wa NTFS, jinsi Windows inavyoutumia kwa kawaida, huhifadhi jina kama ulivyoliandika lakini hulitafuta bila kujali ukubwa wa herufi. Ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa kawaida yake inaona M na m kuwa alama mbili zisizohusiana. Skana ilikuwa ikitoa mafaili yenye kiendelezi .PDF, wafanyakazi wakiandika .pdf. Juu ya hapo, kwenye toleo mojawapo orodha ya aina za nyaraka ilibadilishwa kutoka "Mikataba" kuwa "mikataba" ili ipendeze kwenye skrini. Windows ikaendelea kuweka kila kitu kwenye folda ileile ya zamani bila kusema neno. Hitilafu hii ilikuwamo ndani ya data kwa miaka yote hiyo, na seva mpya imeifichua tu. Kuilaumu Linux hapa ni kumwonea mjumbe.

Hapo lilikuja pendekezo la pili, nalo linatolewa karibu kila mahali kisa cha aina hii kinapotokea: tushushe majina yote yawe herufi ndogo, kwenye diski na kwenye hifadhidata, tumalize. Nalipinga kwa nguvu, na kisa hiki kinaonyesha sababu. Siku zile chache ambazo mikwaju ilikuwa imerekebishwa na herufi bado, programu ilikuwa imefunguliwa tena kwa watumiaji, ikaunda folda mpya ya mikataba kando ya Mikataba. Sasa kulikuwa na folda mbili, na ndani yake mafaili mawili mawili yenye jina moja na maudhui tofauti, kwa kuwa hesabu ya namba za mikataba ilisoma folda mpya ikaiona tupu, ikaanza upya. Ukiamuru mv, amri ya kuhamisha mafaili na kuyabadilisha majina, ihamishe kila kitu kwenda kwenye jina la herufi ndogo, faili la pili linalifuta la kwanza, na mv haiulizi usipoiambia iulize. Hapo ndipo waraka unapopotea kweli. Hata kushusha herufi kwenyewe hakufanani kila mahali: kwa kanuni za Kituruki herufi ndogo ya I ni ı isiyo na nukta, na hifadhidata iliyowekewa mpangilio huo inaweza kutoa jibu tofauti na la programu.

Njia salama ilikuwa kuiuliza diski ina nini. Skripti ilisoma orodha halisi ya mafaili, ikaipanga kwa ufunguo usiojali ukubwa wa herufi, halafu ikatafuta kila safu ya hifadhidata kwenye orodha hiyo. Ikipata faili moja tu, njia kwenye hifadhidata inarekebishwa ifuate jina la diski. Ikipata mawili, haigusi, inaandika kwenye orodha ya kuangaliwa na mtu. Diski haikubadilishwa hata jina moja, kwa hiyo kila hatua iliweza kurudishwa nyuma.

Kosa hilohilo la herufi lilikuwamo pia ndani ya msimbo wenyewe. Kiolezo cha barua kiliitwa Barua.html, programu ikikiita barua.html. Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, haikusaidia kuligundua, kwani ikiwa kwenye Windows huwekwa core.ignorecase kuwa kweli, na ukibadilisha ukubwa wa herufi peke yake inaweza isione kwamba kuna kilichobadilika. Hili lilirekebishwa kwa dakika chache.

Likabaki kundi dogo, na hilo ndilo lililowasumbua mafundi kuliko yote mawili. Chukua mfano wa Barua_André.pdf. Hifadhidata inasema Barua_André.pdf. Diski inaonyesha Barua_André.pdf. Ukinakili jina kutoka kwenye orodha ya ls ukalibandika kwenye amri, faili linafunguka. Ukiliandika kwa vidole vyako, halipo.

Macho hayawezi kutatua hili, inabidi kuangalia baiti. Kwenye hifadhidata herufi é ilikuwa imeandikwa kama alama moja ya Unicode (kanuni ya kimataifa inayoipa kila alama ya maandishi namba yake), U+00E9, ambayo kwa UTF-8, namna ya kuandika namba hizo kwa baiti, ni C3 A9. Kwenye diski ilikuwa alama mbili: e ya kawaida, baiti 65, ikifuatiwa na alama ya mkazo U+0301, baiti CC 81. Skrini inazichora sawasawa. Unicode inakubali maumbo yote mawili kuwa sahihi: lile lililounganishwa linaitwa NFC, lililotenganishwa NFD. Ext4 kwa kawaida yake haijui lolote kuhusu hayo, inalinganisha baiti kwa baiti na kuona majina mawili.

Lakini kwenye Windows yalifunguka, na NTFS nayo haibadilishi umbo la herufi hizi. Zilibadilika wapi basi? Jibu lilikuwa njiani. Mafaili hayakwenda moja kwa moja kutoka seva hadi seva. Yalipitia kompyuta ya Mac ya fundi mmoja, kwenye diski ya nje yenye HFS+, mfumo ambao Apple iliutoa mwaka 1998, na ambao kila jina unalolipokea hulihifadhi likiwa limetenganishwa. Mafaili yaliingia yakiwa NFC, yakatoka yakiwa NFD. Mfumo mpya wa Apple, APFS, uliotoka mwaka 2017, huhifadhi umbo ulilolileta na kuyatambua yote mawili wakati wa kutafuta, lakini diski za zamani bado zipo nyingi. Hakuna aliyefikiria kwamba kituo cha katikati nacho kina kanuni zake. Anayepanga uhamaji ahesabu mifumo yote ambayo mafaili yatapita, na kila kituo akichukulie kuwa mshiriki kamili.

Marekebisho yalikuwa mepesi baada ya kujulikana: ufunguo wa kulinganisha ukaongezewa unicodedata.normalize("NFC", jina) kabla ya kushusha herufi, skripti ikaendeshwa tena, kundi lote likajitokeza. Ugumu ulikuwa kwenye kuligundua.

Wakati huohuo mwandishi wa programu, akiwa sasa anafanya kazi kwenye Linux, alianza kutengeneza ripoti zenye saa kwenye jina: ripoti_14:30.pdf. Kwenye seva zilikuwa sawa. Mwenzake aliyebaki kwenye Windows alipoendesha msimbo huohuo alipata faili linaloitwa ripoti_14, lenye ukubwa wa baiti sifuri, na hakuna hitilafu iliyotajwa. Kwenye NTFS nukta pacha (:) hutenga jina la faili na jina la mkondo wa data uliofichwa ndani yake, kwa hiyo ripoti nzima ilikuwa imeandikwa kwenye mkondo uitwao 30.pdf ambao dirisha la mafaili halionyeshi. Nimelitaja kwa sababu wengi hudhani matatizo haya yanaelekea upande mmoja tu, kutoka Windows kwenda kwingine.

Baada ya kurejesha nyaraka kulibaki swali la jinsi programu itakavyotunza njia kuanzia sasa. Uamuzi uliochukuliwa, nami nauona ndio sahihi, ni kuacha kulitumia jina la waraka kama jina la faili. Kila waraka unapata namba ya kitambulisho, na faili kwenye diski linaitwa kwa namba hiyo pamoja na kiendelezi cha herufi ndogo. Jina alilolitoa mtumiaji linakaa kwenye hifadhidata kama maandishi, likiwa na mikwaju, nukta pacha, mkazo na chochote apendacho, na linarudishwa wakati wa kupakua tu. Hapo matatizo mengi yanaondoka kwa pamoja: majina ambayo Windows imejiwekea, kama CON, PRN, AUX, NUL na COM1, majina yanayoishia kwa nukta au nafasi, kikomo cha herufi 260 cha njia nzima ambacho programu nyingi za Windows bado zinakifuata, na kikomo cha baiti 255 kwa jina moja kwenye ext4, ambacho kwa maandishi yanayochukua baiti tatu kwa kila herufi hufikiwa kwenye herufi ya 85.

Njia inahifadhiwa bila folda kuu, kwa mikwaju ya mbele, na hakuna sehemu nyingine ya msimbo inayoruhusiwa kuunganisha vipande vya njia isipokuwa kazi (function) moja ndogo inayotumia pathlib. Kazi hiyo pia inakataa .. iliyozungukwa na mkwaju wa aina yoyote. Hili la mwisho ni la usalama: msimbo unaochunguza ../ peke yake unaiachia ..\ ipite, na siku ukirudishwa kwenye Windows mtu anaweza kutoka nje ya folda kuu kwa herufi tatu. Majaribio ya programu sasa yanaendeshwa kwenye Windows na Linux kwa kila badiliko.

Upakuaji nao ulihitaji uangalifu wake, maana jina lenye nukta pacha likipelekwa kwa mtumiaji wa Windows litamkwamisha. Programu hubadilisha alama zilizokatazwa huko kuwa mstari wa chini katika jina la nakala inayopakuliwa, na hifadhidata inabaki na jina halisi.

Ile orodha ya kuangaliwa na mtu, yenye mafaili mawili kwa safu moja, ilichujwa kwanza kwa SHA-256, hesabu inayolipa kila faili alama inayotokana na maudhui yake. Jozi ambazo alama zake zililingana zilikuwa nakala za kitu kimoja, ikabaki moja. Zilizotofautiana zilifunguliwa na mfanyakazi anayezifahamu nyaraka hizo, kila moja ikapewa kitambulisho chake. Safu wima ya njia ya zamani haikufutwa kwenye hifadhidata. Watu walikuwa wameinakili kwenye barua na majedwali yao kwa miaka mingi, kwa hiyo sehemu ya kutafutia ikafundishwa kuisoma: ukibandika D:\Nyaraka\2019\Mikataba\Upangaji_017.pdf kama ilivyo, unaletewa waraka wake.